Vyungu vya Wakisi wa Ikombe

Ukifika Matema, wilayani Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, fuata ufuo mpaka Ikombe, chini ya milima ya Livingstone. Hapo akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu bila mashine yo yote. Zana zao ni vitu vya kuokota: gunzi la mahindi, kipande cha kibuyu, kokoto laini. Mpita njia huona takataka. Mfinyanzi huona kifaa alichojaliwa na Mungu.

Mwaka 1913, huko Paris, msanii Marcel Duchamp alisimamisha gurudumu la baiskeli juu ya kigoda. Mpaka leo watu hubishana kama ile ni sanaa, maana hakuchonga wala hakufinyanga; alichagua tu. Kwa mama wa Ikombe kuchagua ni mwanzo tu wa kazi. Chungu chake lazima kistahimili moto na kupika chakula cha watoto.

Siku hizi ndoo za plastiki na sufuria zimejaa masokoni. Basi, wazazi, mabinti wasipoketi karibu na mama zao wakajifunza, kokoto zitabaki ufuoni, lakini jicho la kuzitambua litapotea.