Gesi Si Ghali, Mtungi Ndio Unatumaliza

Kuna swali moja halikosi kwa DM yangu: "Buda, nataka kuanza MIG ama TIG hapa nyumbani, gesi ni pesa ngapi?" Swali poa, lakini ni nusu. Gesi yenyewe haitakufilisi. Kinachofilisi ni chuma inayoibeba, na barabara kati yako na mwenye kuiuza.

Tuanze na kazi yake. Chuma ikiyeyuka haipatani na hewa. Hewa ikiingia pale moto uko, kiungo kinatoka na vitundu kama sponji, na siku moja kitaachilia. Gesi inafunika hapo mpaka chuma ishike. MIG ya chuma ya kawaida inakubali CO2 peke yake ama iliyochanganywa na agoni. TIG inataka agoni tupu.

Sasa cheki. Agoni iko kwa hewa unayopumua saa hii, karibu asilimia 1. Imejaa juu ya majani chai yote ya Gesima. Shida ni kuitoa: hewa inapozwa mpaka iwe maji, na agoni inageuka maji kwa nyuzi 186 chini ya sufuri. Hiyo si kazi ya jua kali. Lakini CO2 je? Hiyo tunachimba wenyewe. Kampuni ya Carbacid inaitoa chini ya ardhi kule Kereita, Lari, kaunti ya Kiambu. CO2 ndiyo hufanya soda itoe povu.

Piga hesabu na mimi. Kilo 1 ya CO2 inatoa lita 500 na ushee. MIG inakula kama lita 10 kwa dakika. Mtungi wa kilo 5 basi ni dakika 250 za moto. Mtu wa hobi anapima, anakata, anachomelea kidogo, tuseme dakika 10 kwa wiki. Huo mtungi utamkalia wiki 25. Karibu nusu mwaka!

Kujaza mara mbili kwa mwaka hakuwezi kukutoa jasho. Jasho iko kwa mtungi. Ama unaununua, ama unaweka dipoziti na kulipa kodi kila mwezi, utumie usitumie. Duka moja nililouliza, dipoziti ilizidi bei ya mashine yangu ya kuchomelea. Karakana kubwa inamaliza mitungi haraka, kwao kodi ni kitu kidogo. Wewe na dakika zako 10 unalipa kodi ileile.

Ongeza geji, mpira, na gari ya kubeba mpaka huku kwetu. Na tafadhali usifunge mtungi wa agoni kwa boda. Gesi imeshindiliwa kwa nguvu ya bar 150 hadi 200. Vali ikivunjika, huo mtungi unaruka kama roketi.

Ndio maana mafundi wa hapa wamebaki na rodi, na si ushamba. Ile dawa iliyopakwa kwa rodi ikiungua inatoa gesi yake na kuacha ganda la kukinga kiungo. Unabeba gesi yako kwa pakiti, na hata upepo hausumbui sana. Kuna pia waya wa MIG wenye dawa ndani. Uliza ule unaojikinga wenyewe, kwa sababu mwingine bado unataka mtungi.

Kama unatengeneza geti na viti, ishia hapo, save pesa yako.

Lakini hapa ndipo roho inaniuma. Alumini na ile chuma nyembamba isiyoshika kutu, ya matangi ya maziwa na jikoni za hoteli, kazi safi inataka TIG. Na mkono wa TIG hauji kwa kutazama video, hata zangu. Unakuja kwa masaa. Mimi niliacha kampasi, sina cheti cha kuonyesha mtu. Mkono ndio cheti changu. Kama mazoezi yanaanza na dipoziti, basi ujuzi utabaki kwa watoto wa wenye nazo.

Mama zetu walishatatua hii kitu kitambo. Hakuna mmoja wao anaweza kununua hema na viti mia vya matanga peke yake, kwa hivyo wananunua kama chama. Sisi pia tunaweza. Watu watano, mtungi mmoja wa agoni wa lita 10,000, umefungwa mnyororo ukutani kwa karakana moja, na daftari ya kuandika dakika. TIG ikila lita 8 kwa dakika, hizo ni dakika 1,250. Kila mtu anapata 250, zaidi ya masaa manne ya moto.

Kodi moja, mikono mitano. Nani yuko ndani?