Munkoyo wa Siku ya Pili

Wengi wanaokwenda Kolwezi wanafuata kilicho chini ya ardhi. Wanafuata shaba, na kobalti inayoingia kwenye betri za simu na magari ya umeme. Wakishapata walichofuata huondoka bila kujua wenyeji wanakula nini wala wanakunywa nini jioni. Mimi nilifuata kinywaji. Munkoyo ni kinywaji cha mahindi cha jamii ya togwa, kinachonywewa kote Katanga na ng'ambo ya mpaka, Zambia, na watu wa kule walikuwa wamenisifia ukali wake kwa miaka. Kila mmoja alimalizia kwa maneno yale yale: usiseme umeufahamu mpaka uunywe nyumbani kwa aliyeupika.

Kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi ni kama kilomita 300, kuelekea kaskazini-magharibi. Barabara inapita Likasi, mji ambao enzi za Wabelgiji uliitwa Jadotville, kisha inaingia katika nchi ya miombo yenye vichuguu virefu kuliko mtu. Ukikaribia Fungurume, miti inapungua ghafla na vilima vinabaki vitupu. Hakuna aliyeikata miti. Shaba ikizidi katika udongo, miti mingi haistahimili, na panapobaki panaota nyasi na vimea vidogo vya jamii ya mrihani vinavyojulikana kama maua ya shaba. Watafiti wa madini wa zamani waliyatumia maua hayo kama dalili. Kabla yao, Wasanga wa eneo hili walikwisha kuvisoma vilima hivi. Waliyeyusha jiwe la kijani la malakiti na kumimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha, ile ile iliyochorwa baadaye kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga mwaka 1960.

Msomaji wa Tanzania ana sababu yake ya kuipenda njia hii. Msiri, Msumbwa kutoka Tanzania ya leo, alijenga utawala wake Bunkeya katika karne ya 19 na kutajirika kwa shaba na pembe za ndovu, hadi alipouawa Desemba 1891. Bunkeya sasa ni sehemu ya mkoa wa Lualaba. Misafara yake ilifungua njia ya kwenda pwani ya mashariki, Kiswahili kikapita humo, kisha kikakomaa katika kambi za wachimbaji. Leo madereva wanaopakua mizigo yao bandari ya Dar es Salaam wanapiga foleni kwenye barabara hii, malori yamebeba vibao vya shaba, na kwenye vibanda vya chakula wanabishana na wenyeji kwa lugha moja yenye lafudhi mbili. Tanzania wanasema ugali, huku wanasema bukari, na sahani ni ile ile.

Kolwezi ni mji wa juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni asubuhi zake zinataka koti. Union Minière du Haut-Katanga iliuanzisha mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, ikawa ile tunayoiita leo Gécamines, na kwa miaka mingi mshahara, shule, hospitali na hata unga wa mahindi vilitoka mkononi mwake. Mei 1978 waasi waliotokea Angola waliuteka mji, askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashushwa, na mamia ya watu wakauawa, weusi kwa weupe. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba uani na hata vyumbani. Mwaka 2015 mji ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Lualaba. Mji uliopita katika hayo yote ungeweza kuwa na watu wagumu. Nilichokuta ni watu wanaosalimia kwanza na kuuliza shida baadaye.

Mizizi ya munkoyo niliiona sokoni, upande wanakouza uyoga mkavu na majani ya sombe, yaani kisamvu. Inapangwa kwa mafungu, imefungwa kwa kamba ya gome, na mgeni anaweza kuipita akidhani ni kuni za kuwashia moto. Inatoka katika mimea ya porini ya jamii ya maharage ambayo wataalamu wa mimea wanaiita Eminia na Rhynchosia, nayo humea katika misitu ya miombo. Niliinua fungu moja, nikanusa. Ilikuwa na harufu ya udongo uliolowa na maharage mabichi.

"Papa, unajua kuipika?" muuzaji aliniuliza.

"Sijui, mama. Natafuta wa kunifundisha."

"Basi kuya kesho asubuhi, nyumbani. Utaona kwa macho."

Nyumba yake ilikuwa Manika, wilaya yenye watu wengi kuliko Dilala, ile ya pili ya mji. Nilipofika alikuwa amekwisha kubandika sufuria kubwa juu ya mbabula, jiko la makaa linalokaa katika kila ua wa Katanga. Alikoroga unga wa mahindi katika maji yanayochemka mpaka ukawa uji, akauacha uive kwa muda mrefu, kisha akaepua na kuufunika. Wakati uji unapoa, aliiosha mizizi na kuiweka kinuni. Alitwanga taratibu, akiigeuza kwa mkono, mpaka ikafumuka nyuzi ndefu kama katani. Kila baada ya muda alichovya kidole katika uji. Ulipofika mahali ambapo mkono unavumilia, alizizamisha nyuzi zote na kukoroga.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini waliniambia niende kwa mpishi. Uji uliokuwa mzito, unaoshikilia mwiko, ulianza kulegea mbele yangu. Haukupita muda mrefu, mwiko ukawa unapita bila kazi, na kilichobaki sufuriani kilikuwa chepesi, kinachomiminika. Mizizi ile ina vimeng'enya vinavyokata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Mpishi wa bia wa Ulaya hupata kazi hiyo kwa kuotesha shayiri na kuikausha. Mpishi wa pombe ya mtama huipata kwa kimea. Huku Lualaba, wanawake waligundua kwamba msitu unayo tayari, na ujuzi huo wameurithishana bila maabara wala kitabu. Uji ukiwa bado wa moto sana, mizizi inaharibika na munkoyo hauji. Ukiwa umepoa mno, kazi haianzi. Kipimo cha yote mawili ni kidole cha mama.

Alichuja, akatupa nyuzi, akamimina kinywaji katika kibuyu cha zamani kilichokuwa cheusi kwa ndani. Nilimuuliza anakioshaje. "Kwa maji tu. Sabuni itakiua." Alikuwa sahihi. Hakuna hamira inayotiwa katika munkoyo. Chachu na bakteria wa asidi ya laktiki, wa jamii ya wale wanaogandisha mtindi, wanatoka kwenye mizizi, kwenye hewa ya ua, na kwenye kuta za kibuyu chenyewe, ambako wamekaa tangu mapishi yaliyopita. Kibuyu cha nyumba moja hakitoi ladha ya kibuyu cha jirani.

Alinipa kikombe cha kwanza siku hiyo hiyo, jioni. Ulikuwa mtamu, mwepesi, wa kupozea kiu. Watoto wa nyumba walikuwa wanaunywa pamoja na bukari.

"Hii ya leo iko ya watoto," mama alisema. "Kesho ndiyo munkoyo."

Nikarudi kesho yake. Juu ya kikombe palikuwa na povu jembamba. Harufu ya mahindi ilikuwa imerudi nyuma, na mbele yake palikuwa na kitu kinachokaribia ganda la limau. Funda la kwanza lilikaza mashavu. La pili lilileta utamu kidogo uliobaki, kisha uchungu mdogo wa mizizi ukashika nyuma ya ulimi na kukaa. Kileo kilikuwepo, kidogo, cha kulegeza mabega bila kuyumbisha miguu. Nilirudia kikombe bila kuombwa.

Ladha hiyo nilikuwa nimekutana nayo mara moja tu, mbali sana na Lualaba. Ilikuwa Ixelles, Brussels, hatua chache kutoka mtaa wa Matonge wanakokutana Wakongo wa Ubelgiji. Nililetewa bia chachu ya kishamba iliyolazwa katika mapipa ya mvinyo mweupe. Wabelgiji wana mila ndefu ya bia za namna hiyo. Wakulima wa Hainaut walipika bia wakati wa baridi ili vibarua wa mavuno wapate cha kunywa kiangazi. Katika bonde la Zenne, karibu na Brussels, wapishi wa bia iitwayo lambiki huuacha mchemsho wa ngano na shayiri upoe usiku kucha katika chombo kipana kilicho wazi, vijidudu vya hewani viingie vyenyewe, kisha huulaza mwaka mmoja hadi mitatu katika mapipa ya mbao yaliyowahi kubeba mvinyo. Pipa la mvinyo mweupe linaachia harufu ya zabibu na maganda ya ndimu, na ubao wake unahifadhi chachu kutoka mapishi hadi mapishi.

Hiyo ndiyo kazi ya kibuyu cha Manika. Watu waliokuja kutoka nchi ya lambiki kupanga barabara za Kolwezi waliishi karibu kabisa na ufundi unaofanana na wao, wa nafaka, chombo kinachokumbuka na hewa ya mahali. Kule pipa linasubiri miaka. Huku, kwa joto la nyanda hizi na nguvu ya mizizi, siku mbili zinatosha. Kule chupa inapewa lebo na meza yake. Huku munkoyo unauzwa kwa kikombe, mlangoni, na mwenye kuupika anajulikana mtaani kwa mkono wake. Sioni kwa nini mmoja upewe heshima zaidi ya mwingine. Bia ya Simba ya Lubumbashi ni nzuri ikiwa baridi, nami niliinywa kwa furaha, lakini ladha yake ni ile ile popote utakapofungua chupa. Munkoyo wa siku ya pili unapatikana pale ulipopikwa, siku ile, na kesho yake umekwisha kuwa kinywaji kingine.

Nikiwa Kolwezi niliona kwamba mji mzima unaishi kwa asidi. Barabarani yanapita matangi ya asidi ya salfa. Katika viwanda kama Luilu, kilichofunguliwa mwaka 1960, mawe yaliyosagwa huloweshwa kwa asidi mpaka shaba itoke na kuyeyuka majini, kisha umeme unaikusanya tena kuwa vibao. Uani, asidi nyingine, ya upole, inayatia mahindi ukali na kuyalinda yasioze. Zote mbili zinalisha watu. Ya kwanza inajulikana duniani kote. Ya pili inastahili kujulikana.

Siku ya mapumziko nenda kaskazini ya mji, ziwa la Nzilo, ambako mto Lualaba umezuiwa kwa bwawa la umeme lililokamilika miaka ya 1950. Chini yake mto unaingia katika mabonde ya mawe na kushuka zaidi ya mita 400 ndani ya kilomita 70 hivi, ukianza safari itakayoupeleka Nyangwe na Kasongo walikofanya biashara akina Tippu Tip, halafu Kisangani, unakoanza kuitwa Kongo. Pembeni ya ziwa wanakaanga samaki aliyevuliwa asubuhi, na bukari na lengalenga, yaani mchicha. Beba munkoyo wako katika kidumu kisichofungwa sana, maana bado unachacha. Ukali wake na mafuta ya samaki vinapatana vizuri kuliko mvinyo wowote niliowahi kupewa na samaki.

Atakayesafiri achague kati ya Mei na Septemba, vumbi likiwa jingi lakini barabara kavu. Aulize sokoni nani anapika vizuri, amsalimie mama kabla ya kutaja shida yake, aulize maji yametoka wapi, kwa kuwa katika nchi ya migodi swali hilo ni la busara, alipe bei aliyotajiwa, na aombe wa siku ya pili.

Kuna jambo moja limebaki, nalo ni zito. Mizizi ya munkoyo haipandwi sana shambani. Inachimbwa porini, na pori linarudi nyuma kila mwaka mbele ya migodi, mashamba na matanuri ya makaa. Muuzaji wangu alisema zamani walichimba karibu na nyumba, na sasa mizizi inaletwa kwa pikipiki kutoka mbali. Mkoa wa Lualaba unauza shaba na kobalti kwa dunia nzima, na migodi hiyo ina mwisho, hata ukiwa mbali. Mwenye kupima maeneo ya uchimbaji anaweza pia kupima na kuyaacha maeneo ya miombo, akawapa wanawake wa vijiji haki ya kuyatunza na kujaribu kuipanda mizizi yenyewe. Ni gharama ndogo kwa mkoa tajiri kama huu, na faida yake wajukuu wa Kolwezi wataendelea kuinywa baada ya lori la mwisho la shaba kuondoka.