Upole na Kauli ya Kutendana

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayodhulumiwa katika matumizi ya kila siku ni "upole". Mtu akiitwa mpole, aghalabu wasikilizaji huongeza kimoyomoyo kwamba hana makali, au kwamba ni rahisi kuonewa. Nia ya makala haya ni kulitetea neno hilo. Ushahidi wangu sikuupata maktabani bali juu ya mkeka wa mazoezi.

Yapata miaka miwili sasa, kila Jumanne na Alhamisi jioni, hutoka Chepkoilel, bewa la zamani la Chuo Kikuu cha Moi ambalo tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret, nikapanda matatu hadi ukumbi mmoja wa jamii mjini unaofunza judo. Ukumbi wenyewe si wa fahari. Mikeka ina viraka, na baridi ya Uasin Gishu huingia bila kubisha hodi. Humo hukutana mwendesha bodaboda wa Langas, muuza mboga wa Huruma, wanafunzi wa sekondari, nami mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili.

Jina la mchezo huu limeundwa kwa maneno mawili ya Kijapani: "ju", yaani ulaini au upole, na "do", yaani njia. Mwasisi wake, Jigoro Kano, alikuwa mwalimu kwa taaluma. Alifungua ukumbi wake, Kodokan, jijini Tokyo mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21. Alikuwa amejifunza jujutsu, ufundi wa kale wa mapigano, lakini akazitenga mbinu za kujeruhi na kuuita mfumo wake mpya "njia" badala ya "ufundi". Aliwaachia wanafunzi kanuni mbili: kutumia nguvu kwa namna iliyo bora zaidi, na kustawi pamoja, wewe na mwenzako. Mwaka 1964 judo iliingia katika Michezo ya Olimpiki huko Tokyo.

Upole unaozungumziwa hapa una kazi maalumu. Mwenzako akikusukuma, humsukumi. Unarudi nyuma kidogo, unamvuta kule kule anakokwenda, naye hupoteza mizani. Mwenye nguvu nyingi huangushwa na nguvu zake mwenyewe. Waama, huo si unyonge.

Hata hivyo, somo la kwanza si kuangusha bali ni kuanguka. Kwa majuma kadhaa tulifunzwa kukibana kidevu kifuani na kuupiga mkeka kwa mkono ili kishindo kitawanyike, kichwa kisiguse chini. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi wasomi tumefunzwa kupanda tu: cheti juu ya cheti, shahada juu ya shahada. Ni nani aliyetufunza kushuka? Siku hizi maswali makali ya semina huyapokea kama nipokeavyo mkeka: mwili mzima, bila kukakamaa, kisha nikainuka.

Jambo lililonigusa zaidi, hata hivyo, ni la kisarufi. Wajapani humwita anayeangusha "tori" na anayeangushwa "uke", neno ambalo, kwa sababu anazozijua msomaji wa Kiswahili, lilituchekesha kwa siku nyingi. Mwalimu wetu akaamua kusema "mtenda" na "mtendewa". Nilipomsikia, nilikumbuka mnyambuliko wa vitenzi. Judo haina kauli ya kutenda pekee wala ya kutendwa pekee, maana dakika moja baadaye wawili hao hubadilishana nafasi. Kauli yake ni ya kutendana: kushikana, kuvutana, kuangushana, kuinuana.

Kiambishi hicho nilikijua mapema kuliko nilivyopenda. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nikiwa mtoto wa miaka kumi, niliwasikia watu wazima wakikitumia usiku kucha: watu wanafukuzana, wanachomeana nyumba, wanauana. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, viungani mwa Eldoret, lilichomwa pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia humo. Kiambishi -an- hakina hatia. Sisi ndio tunaouchagua mzizi wa kukibebesha.

Kwa hiyo sioni kuwa ni jambo dogo kwamba katika mji huu huu vijana ambao wazazi wao walihamana hushikana kola kila juma. Kuna kanuni ambayo mtazamaji huenda asiione: unapomwangusha mwenzako, huuachi mkono wake wa shati. Unaushikilia na kuuvuta juu kidogo ili atue salama. Jioni moja kijana mmoja mgeni aliuachilia. Mwalimu alisimamisha mazoezi. "Mwanangu," alimwambia, "ukimwachilia, kesho utafanya mazoezi na nani?" Hakuna aliyecheka.

Huenda msomaji akauliza, je, tumekosa vya kwetu hata tuige vya Wajapani? La hasha. Kule Lamu, wanaume hucheza kirumbizi: wawili huingia uwanjani na fimbo zao, ngoma na zumari zikivuma, wakashambuliana na kukingana kwa madaha, na thamani ya mchezaji ni ustadi wake, si majeraha ya mwenzake. Wazo la kushindana bila kuumizana, basi, si geni kwa Waswahili. Lililopungua ni viwanja vya kulitendea kazi.

Ndugu wanachama, tunajadili sana jinsi Kiswahili kinavyounganisha makabila ya nchi yetu. Mjadala huo ni mzuri, lakini lugha inayounganisha watu inaweza pia kutumiwa kuwatukana. Tutafute, nje ya madarasa, mahali ambapo vitenzi vyetu vya kutendana vitapata mizizi iliyo salama, iwe ni judo, kirumbizi, kwaya au shamba la pamoja. Mahali hapo tukijifunze Kiswahili upya, kwa mikono yetu.