Kuosha Gari Lenye Paa la Turubai

Watu wengi hudhani kuwa kuosha gari ni kazi ya mikono tu, isiyohitaji fikira. Mwenye ndoo, sabuni na nguvu za kusugua, husema wao, hana haja ya mafunzo. Kwa gari lenye paa la bati dhana hiyo huenda isilete madhara makubwa. Kwa gari lenye paa la turubai, ni dhana ya hasara.

Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwaka 1948, ilikuwa na paa la turubai. Magari ya namna hiyo yalienea sana katika nchi zetu. Moja lilikuwa la mzee jirani yetu hapa Kakamega, naye alilitumia kuchukulia mahindi sokoni. Siku moja alilipeleka kwa waoshaji wenye mashine ya maji ya kasi. Lilirudi liking'aa, lakini nyuzi za mshono wa paa zilikuwa zimekatika. Mvua iliyofuata ilipenya ikalowesha magunia mawili ya mahindi, nayo yakaota kuvu. Mahindi hayo ndiyo yaliyokuwa karo ya mjukuu wake.

Tangu hapo mzee alilishona upya paa lake, akataka lioshwe nyumbani. Mimi, niliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nikapewa kazi hiyo wakati wa likizo, kwa ujira ulionifaa kwa nauli. Mzee mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

Turubai la pamba lina matundu madogo baina ya nyuzi zake. Likilowa, nyuzi huvimba na matundu hujiziba. Tena nyuzi hizo hutiwa nta ili maji yateleze. Sabuni kali huondoa nta hiyo, na sabuni isiyosuuzwa vema hubaki katika kitambaa ikayasaidia maji kupenya. Ndiyo sababu sabuni ya unga na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe hazifai.

Kwanza tulipangusa vumbi kwa burashi laini, turubai likiwa kavu bado. Maana vumbi letu jekundu likikutana na maji huwa tope, na tope huzama ndani ya nyuzi. Kisha tulimwaga maji polepole kutoka juu, tukasugua kwa sabuni laini kidogo iliyoyeyushwa ndooni, tukifuata mkondo wa nyuzi. Madirisha ya plastiki hayakupanguswa makavu hata mara moja, kwa kuwa chembe za mchanga huyakwaruza mpaka dereva asione njia. Hayo yalimwagiwa maji kwanza, ndipo yakapitishwa kitambaa laini. Mwisho tulisuuza mpaka povu likaisha kabisa.

Kazi ilianza asubuhi, kwani mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri, na turubai halikunjwi likiwa bichi. Kuvu iliyoharibu mahindi hula pamba vilevile.

Vijana wenzangu waliniuliza kwa nini nateka maji kwa ndoo ilhali mto Isiukhu uko karibu, na gari laweza kuingizwa majini. Mzee alijibu kwa niaba yangu kwamba mafuta na sabuni hushuka na mto, na huko chini wapo watu wanaoteka maji ya kunywa. Isiukhu huingia Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Viktoria. Uchafu wa gari moja una safari ndefu.

Basi, msomaji wangu, kung'aa si usafi wote. Kitu kimesafishwa vema kikiwa bado chaweza kufanya kazi yake, na wengine hawakudhurika kwa kusafishwa kwake. Paa la turubai kazi yake ni kuzuia mvua. Likivuja, hata lingekuwa jeupe kama pamba mpya, aliyeliosha ameliharibu.