Mkungu wa Baba

Miti mingi ya pwani yetu hubaki na kijani chake kiangazi na masika; majani ya mwembe na mnazi hayatuambii mengi kuhusu majira. Mkungu una desturi yake. Ukame unapozidi, majani yake mapana hugeuka manjano, kisha rangi ya chungwa, kisha rangi ya damu ya mzee. Mti hurudisha shinani kile unachokihitaji, kijani kikatoweka, wekundu ukadhihiri, kisha majani yakapukutika ili maji machache yaliyopo yasipotee. Haupiti muda mrefu ila machipukizi yametoka.

Wetu aliupanda marehemu baba kwa kokwa aliyoiokota ufukoni. Aliuweka penye jua, mbali na ukuta na kisima, kwa kuwa matawi ya mkungu hutanda tabaka kwa tabaka na kutaka nafasi. Mchanga na upepo wa chumvi haviusumbui. Ulipokuwa mche tuliumwagilia maji jioni. Ulipokomaa haukutudai kitu ila ufagio.

Mwaka jana tulikaa kikao sisi ndugu watano. Rai iliyotolewa ni kwamba mti ukatwe, vijengwe vyumba viwili vya kupangisha, na kodi yake isaidie matibabu ya mama. Hoja ilikuwa nzito, na fedha zilihitajika kweli. Mama, ambaye nuru ya macho yake imefifia, alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Wanangu, nyuso zenu sizipambanui tena. Lakini mkungu ukiwiva, naujua."

Tukajenga chumba kimoja, upande wa pili wa uwanja. Upungufu wa kodi tumeugawana, na kila mwezi kila mmoja wetu hutoa fungu lake. Si jambo jepesi, lakini hakuna aliyelalamika.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, basi hiyo ni sadaka yake. Kungu za baba huliwa mchana na watoto wa mtaa, na usiku na popo. Majani twayafagia kwa zamu na kuyatia katika shimo la mbolea, ila yale yaliyoanguka karibu na kiti cha mama. Hayo ametuomba tusiyaguse mpaka yakauke.