Kaburi Liko Mlimani

Wengi wetu hapa Mabogini, Moshi, tunaishi tambarare na kuzikwa mlimani. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987, mpunga uliwapa kazi watu ambao vihamba vya juu, yaani mashamba ya ukoo, vilikuwa vimewabana, wakashuka wakajenga huku. Lakini mtu akifariki, ukoo unakaa kikao, turubai linafungwa, kisha jeneza linapandishwa Kibosho, Uru au Marangu, likalazwe kati ya migomba karibu na kaburi la babu. Wapare wanarudishwa Ugweno na Usangi. Ni heshima kubwa, nami natamani nifanyiwe hivyo hivyo. Ila mtoto aliyefiwa anarudi huku chini kwenye nyumba isiyo na mama, na mama yuko mbali, magari mawili kumfikia. Wiki hiyo hiyo anatumwa jarubani kufukuza kwelea wasimalize mpunga.

Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Baba alipofariki, watu wazima walinihurumia kwa njia waliyoijua: walinyamaza. Nikiingia sebuleni, mazungumzo yanakatika. Shangazi akimwona mtu anataka kunisemesha, anamkonyeza: usimkumbushe mtoto. Kana kwamba nilikuwa nimesahau! Hakuna aliyeniambia alikufa na nini, wala saa zake za mwisho zilikuwaje. Mtoto asiyeambiwa hujitungia, na nilichojitungia kilikuwa kibaya kuliko ukweli. Siku aliyozidiwa alinituma maji nikachelewa. Nikaamini ndiyo sababu. Nilikaa na imani hiyo hadi utu uzima, sikumwambia mtu, kwa kuwa nilishaelewa kwamba habari za baba hazisemwi.

Leo nawatambua watoto wa aina yangu. Mmoja analalamika tumbo kila asubuhi ya shule na zahanati haioni ugonjwa. Mwingine anashtuka mlango ukibamizwa, usiku halali, darasani anaitwa mkorofi, na fimbo inafuata. Kiwewe kwa mtoto mara nyingi hakina machozi. Tukio lililomtisha linamrudia bila kuitwa, naye anakwepa kila kinacholigusa: jina la marehemu, picha yake, barabara ya kwenda hospitali. Kukwepa kunampa nafuu ya dakika chache, na hofu inazidi kukua kwa sababu hajawahi kuitazama. Ukimwambia jikaze, unamsaidia kukwepa.

Jambo linalonipa moyo limefanyika hapa hapa Moshi. Watafiti wa Tanzania, Kenya na Marekani walijaribu tiba ya kisaikolojia kwa watoto waliofiwa na mzazi, kwanza kwa yatima 64 nchini Tanzania, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Kisha ukaja utafiti mkubwa wa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, Moshi na Bungoma nchini Kenya, matokeo yake yakatoka mwaka 2020. Waliowahudumia watoto hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Watoto walikutana kwa vikundi kila wiki, mara kumi na mbili, walezi nao wakawa na vikao vyao. Katikati ya safari hiyo kila mtoto alikaa peke yake na mshauri akasimulia kifo chenyewe: nani alikuwepo, aliona nini, aliogopa nini. Kile tunachokizuia sisi kwa huruma ndicho kilichokuwa kiini cha tiba.

Tiba ilipomalizika, watoto wa Bungoma, mjini na vijijini, na wale wa Moshi mjini walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopewa huduma za kawaida za yatima. Baada ya mwaka, tofauti hiyo ilibaki Kenya, lakini Tanzania wale wa huduma za kawaida walikuwa wamewafikia wenzao. Nimelitafakari sana hilo. Sioni kwamba tiba ilikuwa bure. Naona kwamba watoto wengi hupona wakipewa muda na watu wa kuwajali, na hilo ni jema kulijua. Lakini mwaka mmoja wa mtoto wa miaka minane asiyelala usiku ni mrefu mno, na kumwambia asubiri wakati njia ipo ni ukatili.

Wapo pia wafiwa ambao kimya chao kinatokana na aibu. Tarehe 1 Februari 2020, katika ibada ya jioni uwanja wa Majengo hapa Moshi, watu walisukumana wakigombea kupita penye mafuta ya upako, na 20 wakakanyagwa hadi kufa, watoto wakiwemo. Kabla hata ya mazishi maneno yalikuwa mengi: walifuata nini kule? Walifuata uponyaji, kama mimi na wewe tunavyoufuata tukiumwa. Mfiwa anayesikia swali hilo kwenye daladala hujifunza kuficha alipofia mtu wake, na jeraha linalofichwa hivyo nani atalifunga? Waliokufa pale walistahili kukaliwa matanga bila hukumu.

Matanga yetu yana nguvu ambayo sitaki ipotee. Majirani wanalala chini kwa wafiwa, wanachota maji, wanachanga, wanapika, na hakuna anayeachwa peke yake usiku. Shida inaanza turubai likifunguliwa. Kikao cha msiba kinaandika daftarini jeneza, usafiri, chakula, mchango. Naomba kiongeze mstari mmoja: jina la mtu mzima atakayebaki na mtoto. Amweleze ukweli wa kifo kwa maneno yanayolingana na umri wake. Akiona miezi inapita na mtoto hatulii, ampeleke hospitali ya Mawenzi au KCMC bila kungoja aharibikiwe shuleni. Na Desemba, watu wakipanda kwao kwa Krismasi, amfikishe kaburini wakae hapo bila haraka, ampe nafasi ya kuuliza hata yale yanayotutisha sisi wakubwa: aliumia? Nani alimshika mkono? Aliniulizia?