Ukuta Wangu Ulikuwa Unakula Volti 9

Wasee, leo tuongee kuhusu V = IR. Najua, najua. Kidato cha tatu, mwalimu anachora betri na kisanduku, mnaimba, mtihani unaisha, kwaheri. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, lakini hiyo kanuni ya Ohm bado inanifanyia kazi.

Mwezi jana soketi ya karibu na kitanda changu ilianza kupata joto. Si joto la kukushtua, ni kama kikombe cha chai ulichosahau. Upande wa pili wa huo ukuta jirani hulaza mtoto wa miezi minne. Nikamwambia anayesimamia ploti. Akanijibu, "Si swichi kubwa haijajizima? Basi iko sawa."

Haya, hesabu. Birika langu la umeme limeandikwa wati 2000 kwa volti 240. Zidisha 240 kwa 240, gawa kwa 2000, unapata ukinzani wake: omu 29 hivi. Nikaliwasha kwa soketi ya kitandani, nikapima kwa multimita. Hapo kitandani, volti 226. Kwa soketi ya mlangoni, 235. Na waya ni huo huo, unapitia mlangoni kwanza, kisha mita nne hivi hadi kitandani.

226 gawa kwa 29 ni ampea 7.8. Huo ndio mkondo. Volti 9 zimepotea njiani, kwa hivyo 9 gawa kwa 7.8: omu 1.15. Sasa waya wa shaba wa unene wa kawaida wa soketi, mita nne kwenda na nne kurudi, unafaa kuwa na omu 0.06 hivi. Manze, hiyo ni karibu mara 20! Shaba haibadiliki hivyo. Kuna mahali pamelegea.

Na zile volti hazipotei bure. 9 mara 7.8 ni wati 70. Chukua balbu ya zamani ya wati 60, ile ya kuchoma vidole, uifiche ndani ya plasta. Swichi kubwa haiwezi kushtuka, maana kwake ampea 7.8 ni kitu cha kawaida kabisa. Yenyewe inaangalia mkondo tu.

(Huyo Ohm naye, babake alimtoa chuo cha Erlangen baada ya mihula mitatu, eti anacheza densi na biliadi tu. Alirudi akapata udaktari 1811, na kanuni akaichapisha 1827. Tafadhali msinitagi.)

Kama hujawahi kushika multimita, usianzie kwa umeme wa ukutani. Anza na betri na balbu ya tochi, hesabu ni ile ile.

Nilimwandikia msimamizi hizo namba kwa karatasi, hasa ile ya wati 70. Fundi akaja siku hiyo hiyo. Akazima umeme, akafungua: skrubu imelegea, plastiki ya waya imekuwa nyeusi kama mkaa. Akakata, akakaza, akaweka soketi mpya. Nikapima tena na birika likichemka. 235 mlangoni, 234 kitandani.

Ploti iko na vyumba 12, na waya za vyote ziliwekwa na mtu mmoja. Mama wa yule mtoto ameniambia nipitie kwake Jumamosi, nisisahau mita.